Kabla Ng'ombe Hawajafika

Jumatatu, 4 Novemba

Salvatory amepiga simu asubuhi, mswaki bado uko mdomoni mwangu. "Baba, wamekubali kukuona." Utafikiri mimi ndiye niliyeomba kuonwa! Nimetema povu nikamuuliza ni akina nani hao wenye cheo cha kunikubali. Wazazi wa Yan, anasema.

Ngoja niandike vizuri, maana kichwa kimevurugika. Salvatory mwanangu anaishi Guangzhou, kule China, huu mwaka wa sita. Anasafirisha vipuri vya mashine za kuchambulia pamba, vingine vinafika mpaka huku kwetu Simiyu. Amempata binti wa huko, Yan, na mwakani kazi yake ikiisha anataka warudi wote Bariadi wakiwa mume na mke. Sasa baba wa binti, Mzee Liang, ametoa neno lake. Yan ni mtoto wake wa pekee, na haendi popote mpaka baba wa huyo kijana aje, aketi mezani kwake, wamtazame. Wasiporidhika naye, ndoa hakuna. Mwezi wa kwanza niwe nimefika.

Nimemwambia mke wangu, Nyanjige, twende wote. Akacheka. "Mama wa kijana tangu lini akaenda kuomba mke? Nenda wewe. Na mvua ikinyesha nani atapanda, wewe?"

Mvua yenyewe haipo. Mawingu yanakuja mchana, yanatuchungulia, yanaondoka zake.

Jumatano, 6 Novemba

Joto. Mvua hakuna. Sina raha.

Ijumaa, 8 Novemba

Ikupa ameanza kunifundisha. Ni mfamasia, Mnyakyusa wa Tukuyu, serikali imemleta Bariadi na amepanga nyumba yetu ya uani. Alisoma China miaka mitano. Nyanjige ndiye aliyekwenda kumwomba, mimi sikumtuma mtu.

"Mwalimu, hizo salamu zako utaziacha uwanja wa ndege Mwanza," akaniambia. Huniita hivyo ingawa nimestaafu.

"Salamu zimekosa nini?"

"Kule ukiingia kwenye lifti umekuta watu kumi, humsalimii hata mmoja. Unatazama mlango."

Nimemwambia hata ng'ombe wakikutana lamboni wananusana. Akasema basi na mimi ninuse kimoyomoyo. Huyu binti ana mdomo!

Nikishikana mkono na mtu niuachie, nisiendelee kuushika huku tunaongea kama tulivyozoea. Pasipoti nitembee nayo kila niendako. Hoteli nichukue kadi yenye anwani kwa maandishi yao, nikipotea nimwonyeshe dereva bila kujieleza. Viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo soksi zisiwe na tundu. Zawadi natoa kwa mikono miwili, na nisikasirike wasipoifungua mbele yangu. Kwenye mikono miwili nimemkatiza. Hilo asinifundishe, sisi tumezaliwa nalo.

Saa ya ukutani niliyotaka kumpelekea Mzee Liang ameikataa kabisa. Kwao kumpa mtu saa ni kama kumwambia muda wake wa kuzikwa umefika. Lo! Na nilikuwa nimeshaichagua.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa, zoezi la vijiti vyao vya kulia. Ikupa ameniwekea choroko kwenye sahani, nizihamishe moja moja. Nyanjige alikuja kuangalia, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Nimefunga shule.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda Mwamapalala kumwarifu kaka yangu Salu. Yeye ndiye anayekaa na ng'ombe wa ukoo, na kwa haki ndiye alipaswa kwenda kuomba huyo mke, kwa sababu kwetu baba hajisemei mwenyewe. Lakini pasipoti hana, na ukimtajia ndege anatazama juu kisha anatema mate.

Nimemkuta anamkamua ng'ombe mwekundu. Nikamngoja amalize, ndipo tukasalimiana. Mwangaluka, mwangaluka, mhola, mhola duhu, watoto, mvua, miguu, mpaka tukafika kwenye jambo lenyewe. Amenisikiliza bila kunikatiza.

"Nenda," akasema. "Ukae nao. Uongee nao. Ila usile."

"Wananialika mezani, kaka. Ni chakula ndicho wananiitia."

"Ng'ombe wamefika kwao?"

"Hawajafika."

"Basi hata maji."

Akanikumbusha baba yetu alipokwenda Bukundi kumwombea yeye Salu mke. Alishinda kutwa nzima bila kuweka kitu mdomoni, jua lile la Meatu, na wenye nyumba wakamheshimu mpaka leo. Akanikumbusha pia jirani yetu mmoja aliyekula ugali wa wakwe kabla ng'ombe hawajafika. Mpaka kafa watu walimwita Mla Binti. Mtu akila kabla, anakuwa amemchukua mtoto wa watu bure, na siku binti akionewa hana kitu cha kuonyesha kwamba aliheshimiwa.

Nilidhani nitabishana naye. Mimi mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa vikao vya kata, sijawahi kukosa hoja. Nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Ukweli ni kwamba nikifikiria kula katika nyumba ile, koo langu lenyewe linafunga.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwambia Ikupa. Ameweka kikombe chini.

"Mwalimu, usinitanie. Kwa Wachina mezani ndipo penyewe. Mama mwenye nyumba atakuwekea chakula kwenye bakuli lako kwa mkono wake. Usipokula umemtukana yeye, mume wake na marehemu wao wote."

"Nitawaeleza ni desturi."

"Utaeleza. Na watasikia kwamba umeona chakula chao kichafu."

Nimezunguka uani hadi Nyanjige akaniuliza kama natafuta kuku.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimempigia Salvatory. Nimemwambia tupeleke ng'ombe kwanza, mambo yaishe.

"Baba, wanakaa ghorofa ya kumi na tisa."

"Sijasema uwapandishe ngazi! Wanunue huko huko, wawekwe mahali."

"Hawataki ng'ombe, na pesa badala yake ndiyo hawataki kabisa. Mzee Liang amesema yeye hauzi mtoto."

"Nani amesema anauza?"

Tumepandishiana sauti. Mwisho ametulia, akasema polepole, "Baba, nakuomba. Kaa, kula, tabasamu, basi. Nikimkosa Yan sijui nitafanyaje." Mwanangu huyu tangu akiwa mdogo haombi kitu mara mbili. Nimekata simu bila kumjibu na tangu hapo najiona mtu mbaya.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua! Tangu saa tisa alasiri, kubwa, ya mawe. Bati lilikuwa linapiga kelele hatusikiani. Nyanjige amesimama mlangoni anaimba.

Ijumaa, 22 Novemba

Kupanda.

Jumamosi, 23 Novemba

Kupanda. Mgongo.

Jumatano, 27 Novemba

Nimemweleza Nyanjige maneno ya Salu. Nilikuwa nimemficha, na alikuwa anajua. Ikupa hafichi kitu.

"Utakula tu," akasema, bila hata kuinua uso kutoka kwenye mchele anaochambua.

"Mama Salvatory, wewe nilikutolea ng'ombe. Baba yako alinipa maji lini?"

"Walipofika."

"Basi."

"Basi nini? Mwanao yuko peke yake kule anahangaika, na wewe umekaa unalinda koo lako!"

Nimekasirika nikatoka kwenda sokoni na sikuwa na cha kununua. Miaka yote hii naishi na mwanamke huyu, nilidhani katika mambo ya wazee tuko upande mmoja. Leo nimemwona kama mtu asiyejali ametoka wapi.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo sikukuu ya Uhuru. Mvua kutwa. Mahindi yameota, pamba bado inasuasua. Ikupa ameniwekea kwenye simu ile programu ya Kichina ya kuongelea, maana hizi tulizozizoea kule hazifunguki. Tumefanya jaribio, mimi sebuleni, yeye na Nyanjige jikoni. Nyanjige alikuwa anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto.

Ijumaa, 13 Desemba

Viza imetoka. Nilikuwa naomba moyoni waninyime, na nimeona aibu kwa kuomba hivyo.

Jumatano, 18 Desemba

Ikupa amekagua begi. Asali ya Meatu ametoa. Michembe, viazi vyetu vya kukausha, ametoa. Karanga ametoa. Uwanja wa ndege wanakagua vyakula na mbegu, anasema, watanisimamisha mbele ya watu. Nimebaki na kahawa ya Kagera na vitenge. Amenifundisha tena vijiti, visisimikwe wima kwenye wali, kwao hiyo ni ya msibani. Nikimiminiwa chai nigonge meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo asante yao. Maji wanakunywa ya moto.

Nimemuuliza, haya yote ya nini kwa mtu ambaye hatakula wala kunywa? Akasema, "Mwalimu, mimi nimekaa kule. Siku ya kwanza mama mmoja aliniwekea chakula na sikukijua, nikala huku nalia. Ndiye aliyenilea miaka yote mitano." Kisha akaendelea kukunja shati langu. Nilikuwa namwona msichana wa maneno mengi tu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Salvatory amepiga. Mama yake Yan amekuwa akimuuliza Yan kila siku baba wa Salvatory anapenda nini, anapenda chumvi kiasi gani, meno yake yakoje. Anapika, anaonja, anamwaga, anaanza upya. Kha! Kwa nini lakini? Nani kamtuma?

Nyama ya sikukuu nimeiacha sahanini.

Ijumaa, 3 Januari

Nimerudi Mwamapalala. Matope mpaka kwenye shavu la mguu. Safari hii nimemwomba Salu waziwazi. Nimemwambia mwanangu atakosa mke, kwamba yule mama anapika na kumwaga, kwamba watu wale hawana kosa. Nimemwambia aniruhusu.

Salu alikuwa anatoa kupe kwenye sikio la dume, akaendelea kutoa. Nikarudia. Akaniambia, "Mimi nimeshasema," akaenda ng'ambo ya zizi. Chai alinipa mke wake, yeye hakurudi kuniaga. Ndugu yangu wa tumbo moja! Nimetembea mpaka barabarani nikiongea peke yangu.

Jumanne, 7 Januari

Naondoka. Nyanjige amenisindikiza mpaka stendi, ametengeneza kola yangu mara tatu. Hatujapatana vizuri. Akaniambia, "Fanya unavyojua, Baba Salvatory." Hiyo ni mbaya kuliko kama angenifokea.

Alhamisi, 9 Januari. Guangzhou

Nimefika. Miguu imevimba. Salvatory amekonda. Mji hauishi, unatazama dirishani nyumba zinapanda mpaka shingo inauma. Treni zinapita chini ya ardhi, begi linakaguliwa kabla hujapanda, na watu wote wako kimya na simu zao. Mahindi ya kuchoma, hata hayo wanalipia kwa simu. Nimesalimia lifti nzima, nilisahau. Mama mmoja mzee akaniinamia kichwa, wengine wakatazama mlango.

Yan amekuja kunipokea. Ni mwembamba, ana miwani, akapiga goti kidogo kunisalimia kwa Kisukuma alichofundishwa na Salvatory. Mwadila, baba, akasema. Nilitaka kulia hapo hapo stesheni. Nimempenda, na sasa ni vibaya zaidi.

Ijumaa, 10 Januari

Nimemweleza Salvatory msimamo wangu. Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye kitanda cha hoteli, akafunika uso kwa viganja. Akasema atawaambia ninaumwa tumbo. Nimekataa. Sitaingia katika nyumba ya wakwe kwa uongo.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika mara tu niliporudi hoteli, kabla haijanitoka.

Tulifika saa sita mchana. Soksi mpya. Mzee Liang ni mfupi, nywele zimekatwa chini, aliendesha mabasi ya mji mpaka alipostaafu. Tulishikana mkono, nikauachia. Zawadi kwa mikono miwili, akapokea kwa mikono miwili, akaiweka pembeni bila kuifungua. Sikukasirika. Mke wake alikuwa anaingia na kutoka jikoni, hanitazami usoni. Meza ni ya duara na ilikuwa imejaa. Samaki mzima kichwa kimeelekezwa kwangu, kuku, majani ya kijani, supu. Na katikati, kwenye bakuli jeupe, kitu ambacho nilikitazama mara mbili. Ugali.

Yan akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Mama amejifunza kwenye video." Salvatory aliinamisha kichwa.

Tukaketi. Mama akamega ugali kwa kijiko, akaniwekea. Akaweka na samaki, sehemu ya shavuni. Akasimama nyuma ya kiti chake akingoja. Mzee Liang akanyanyua vijiti, akanionyesha nianze.

Sikuanza. Nilisimama, nikashukuru, nikamwambia Salvatory atafsiri neno kwa neno. Nikasema nimekuja kuomba binti yao, na kwetu anayeomba hali kabla hajatoa heshima, na heshima yetu ni ng'ombe, na ng'ombe wangu wako mbali. Nikasema chakula chao nakiona ni kizuri na ninajua kimepikwa kwa shida. Salvatory alitafsiri.

Mzee Liang akaweka vijiti chini. Yule mama akatazama bakuli langu, kisha akatazama mikono yake, na nikaona ameelewa kile Ikupa alichosema angeelewa. Akarudi jikoni. Yan akamfuata. Tulisikia maji yanafunguliwa kwa nguvu ili tusisikie kingine. Mzee Liang akasema neno moja fupi na Salvatory hakulitafsiri. Nikamuuliza. "Anasema labda twende tupumzike, baba." Nikajua imekwisha. Nimemharibia mwanangu.

Ndipo simu yangu ikaita. Nilitaka kuizima kwa aibu, mkono ukabonyeza pengine. Uso wa Nyanjige ukajaa kioo chote.

"Mmeshakula?"

"Mama Salvatory, siyo sasa."

"Nakuuliza mmeshakula? Kama bado, msile kwanza! Geuza simu wakwe waone. Ikupa, shika hivi. Hapana, hivi!"

Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi. Walikuwa zizini Mwamapalala, mvua ya manyunyu, ng'ombe hawajafunguliwa. Salu alikuwa amevaa koti lake la harusi na mabuti ya matope. Mbele yake ng'ombe walikuwa wamefungwa kamba na kutengwa na wengine, na wa kwanza alikuwa yule mwekundu anayemkamua mwenyewe, hamwachii mtu. Simu ilirukaruka, kisha ikatulia.

"Mihayo," Salu akaniita, anaongea na simu kama anaongea na kiziwi. "Mke wako amelala hapa kwangu tangu ulipoondoka. Hanipi nafasi hata ya kwenda kujisaidia. Sasa sikiliza. Mimi ndiye msemaji, siyo wewe. Umekosea kujisemea. Ng'ombe ninawatoa mimi. Upande wa binti lazima uwe na mtu wa kupokea, na aliyewahi kula kwao ni huyu Mnyakyusa, kwa hiyo apokee yeye." Ikupa akamrudishia Nyanjige simu, Salu akamkabidhi kamba. Ikupa akaipokea kwa mikono miwili, magoti kwenye matope, na sauti ya Nyanjige nyuma ya simu ikapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaruka.

"Wamefika," Salu akasema. "Kuleni."

Salvatory alikuwa anatafsiri na kulia, anatafsiri na kulia. Mzee Liang aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho. Akauliza, hawa ni bei ya mtoto wangu? Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtu hanunuliki. Hawa ng'ombe watakuwa pale, na kila anayepita njiani atajua ni wa heshima ya Yan, na siku mmoja wetu akimwonea atatazamwa na kijiji kizima. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaita jikoni.

Mama alitoka, macho mekundu. Alionyeshwa simu. Alimwona Nyanjige, wakatazamana wale wanawake wawili. Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, akauliza kitu. Yan alijaribu kutafsiri akashindwa. Salvatory akamsaidia.

"Anasema, mtoto wake hapigi kelele akiumia. Analia kimya, tangu utotoni, na ni mama yake tu anayejua. Anauliza, akilia huko kwenu, nani atajua?"

Wiki zote hizi nimefundishwa lifti, soksi, vijiti na vidole mezani. Hili hakuna aliyenifundisha. Kwenye simu Nyanjige akauliza, "Amesema nini? Mbona kimya?" Salvatory akamweleza.

Nyanjige hakufikiri hata kidogo. "Mwambie na wa kwangu analia hivyo hivyo," akasema. "Huyo hapo, Salvatory. Miaka sita yuko huko kwao. Mwambie nimekuwa nikimwomba Mungu apatikane mama mmoja huko wa kumtambua. Mwambie wa kwake nitamtambua mimi."

Yule mama alipotafsiriwa alimtazama Salvatory, macho ya kijana yakiwa bado yamelowa. Akanyoosha mkono, akamfuta shavu kwa ncha ya aproni yake, kwa kumkwaruza, kama unavyomfuta mtoto anayechelewa shule. Akamsukuma aketi. Akaketi na yeye.

Nikaomba maji, nikanawa, nikamega ugali kwa mkono. Katikati ulikuwa mbichi, unga mtupu. Nilikula wote, nikasukuma bakuli mbele aniongeze.